Kamba ya Mjomba na Bahari Isiyochoka

Tangu nistaafu, majirani zangu hapa Masuguru wamenipangia kazi nyingine. Mama wa nyumba ya pili akitaka kuanika mpunga ananiita juu ya ua: "Shikamoo, Bibi Mawingu! Nianike leo au nisianike?" Nikimwambia asianike, anaanika. Mvua ikimnyeshea, anakuja kunilaumu kwamba nilisema kwa sauti ndogo. Nimemzoea, na kusema kweli ananifurahisha. Miaka mingi niliulizwa maswali na watu waliovaa tai, na hakuna aliyeuliza vizuri kama yeye, maana yeye mpunga wake uko mkekani.

Nyinyi vijana mnaopita kunisalimu mna swali jingine. Mkishakunywa chai mnaanza kuangalia ukuta. Wastaafu wenzangu wametundika vyeti na picha za kuagwa. Mimi nimetundika kamba mbili za mkonge zenye vijiti na mafundo, na ya pili ina kifurushi kidogo cha kitambaa mwishoni. Rehema, mjukuu wa dada yangu, ambaye sasa anaifanya kazi niliyoiacha, siku ya kwanza alinivuta kando akaninong'oneza: "Bibi, ile ni dawa?" Mtoto amesoma mpaka shahada ya pili, na bado alisogeza kiti mbali na ukuta.

Si dawa. Ni mvua za Misima, kijiji nilichozaliwa kule Handeni, na aliyezifunga humo ni Mjomba Mhando, kaka wa mama yangu, Mungu amrehemu. Kazi yangu ilikuwa kutengeneza modeli, yaani kuandika kwa hesabu ndani ya kompyuta jinsi bahari na hewa zinavyopeana joto, hasa pale bahari inaposhikwa na joto kali lisilo la kawaida kwa majuma kadhaa. Ofisini tuliliita homa ya bahari. Mimi huyu, mtoto wa Misima, niliyeiona bahari kwa mara ya kwanza nikiwa na miaka ishirini na miwili, nikashangaa kwamba haina ng'ambo.

Niwaambie mapema, ili msije mkadhani nakaa hapa kujisifu. Niliwahi kukosea, na kosa lile lilikula mbegu za kijiji kizima, za mama yangu zikiwamo. Kama leo bado nasalimiwa Misima, ni kwa sababu ya watu wachache ambao sikuwastahili. Nataka muwajue.

Wa kwanza ni Mzee Shemboza. Kazi sikuianzia baharini, niliianzia juu mlimani, Dindira, kwenye shamba la chai. Nilikuwa nimemaliza shule nikaajiriwa kusoma kipima mvua, na yeye ndiye aliyekuwa msomaji mkuu. Alikuwa Mshambaa mfupi mwenye koti la mvua lililomfika kwenye vifundo vya miguu. Kila siku saa tatu kamili asubuhi tulikwenda kwenye kile kipima mvua, tukamimina maji kwenye bilauri yenye mistari, tukasoma.

"Piga goti," aliniambia siku ya kwanza. "Macho yawe sawa na maji. Maji hayasomwi kwa kusimama kama mtu anayemsubiri mchumba."

Nilipiga goti kwenye majani yenye umande mwaka mzima. Lakini kuna asubuhi moja ukungu ulikuwa mzito na baridi inauma, na usiku kucha sikusikia tone hata moja juu ya bati. Nikabaki nimejifunika blanketi. Ilipofika saa tatu nikaandika sifuri kwenye daftari, nikalala tena.

Mzee Shemboza alikuja na daftari mkononi. "Hili sifuri umeliona?"

"Mzee, mvua haikunyesha."

"Sijakuuliza habari za mvua. Nimekuuliza, umeliona sifuri lenyewe, kwa macho?"

Akanipeleka. Ndani ya kipima mvua mlikuwa na maji kidogo, ukungu ulioshuka na kuchuruzika. Hakunigombeza. Alinifanya nikate mstari mmoja juu ya sifuri langu, niandike kipimo cha kweli kando yake, kisha nitie sahihi. Kufuta alikataa kabisa, alitaka kosa lisomeke. Akaniambia siku kavu nayo ni kipimo, na anayeiandika lazima awe ameiona. Vijana, katika vitabu vyote nilivyokuja kusoma baadaye sikukuta jambo lililonisaidia kuliko hilo.

Likizo ya kwanza nikaenda kumringia Mjomba Mhando. Kwetu Wazigua mjomba ni mtu mkubwa, na shamba la mama yangu halikupandwa bila neno lake. Ada yangu ya shule ilitoka kwenye jasho lake. Nikamweleza habari za kipima mvua, akacheka mpaka akakohoa. "Yaani wanakupa mshahara kwa kuchungulia kopo?" Nikamwonyesha kwamba hata kopo la maziwa linafaa, mradi liwe limenyooka toka mdomoni hadi kitakoni: unalipigilia chini mahali pa wazi, asubuhi unatumbukiza kijiti, unaangalia maji yamelowesha mpaka wapi. Nikamhadithia na lile sifuri langu. Hilo lilimfurahisha zaidi. "Huyo mzee wako," alisema, "angefaa kuwa Mzigua."

Miaka ikapita, nikasoma zaidi, nikaingia kwenye kitengo kidogo cha utafiti Dar es Salaam. Mkuu wetu aliitwa Bi Tunu, mwanamke mrefu aliyefunga miwani yake kwa uzi ili isimponyoke. Yeye ni wa pili katika watu ninaowashukuru.

Hebu niwaeleze kazi yenyewe, kwa ufupi. Jua likiwaka na upepo ukalala, maji ya juu ya bahari hupata joto, na kwa kuwa hakuna wa kuyakoroga na maji baridi ya chini, joto hubaki juu juu. Maji yakiwa na joto hutoa mvuke mwingi, na mvuke huo huwa mawingu. Hapo mambo hugeuka. Mawingu yanaziba jua, mvua zake zinakuja na upepo, upepo unakoroga, baridi inapanda kutoka chini, bahari inapoa. Yaani hewa iliyolishwa na bahari ndiyo hiyo hiyo inayoipoza. Kila mmoja anamsukuma mwenzake, na ukimtazama mmoja peke yake hutaelewa hata nusu ya mambo.

Sasa, modeli yetu ya kwanza ilikuwa ya hewa peke yake. Joto la bahari tuliliingiza siku ya kwanza kama lilivyopimwa, kisha tukaliacha vile vile mpaka mwisho. Hewa ilijua habari za bahari, lakini bahari haikujua habari za hewa. Ukiipa modeli ile bahari yenye homa, homa haishuki: siku ya kwanza moto, siku ya thelathini moto, na mvuke hauishi. Ilikuwa bahari isiyochoka.

Tulijua? Tulijua sana. Lakini kompyuta tulizokuwa nazo zilikuwa zinahema kwa hewa peke yake, na umeme ukikatika kazi ya siku nne inaanza upya. Bi Tunu aliandika kwa chaki juu ya ubao, kwa herufi kubwa: BAHARI IMEGANDISHWA. Alitaka kila anayetazama matokeo ayaone na maneno hayo. Mimi niliyaona kila siku mpaka nikaacha kuyaona.

Mwaka mmoja, kabla ya masika, bahari ikashikwa na homa kubwa. Modeli yetu ikatoa mvua za kutisha: zitawahi, zitafika bara, zitanyesha mfululizo. Nikachukua likizo kwenda Misima nikiwa na matokeo yale kichwani, na kifua kimenijaa. Utaratibu wa ofisi ulikuwa wazi kwamba mtu hatoi utabiri wake wa mfukoni. Hilo nalo niliacha kuliona.

Mjomba alinikuta uani kwa mama, napepeta choroko. Alikuwa na jembe begani.

"Mwanaisha, wewe ndiye unayeongea na bahari. Inasemaje?"

"Ina joto sana, mjomba. Mvua zitawahi, na zitakuwa nyingi."

"Basi tupande kavu?"

Kupanda kavu ni kuiweka mbegu kwenye vumbi kabla mvua haijaanza, ili tone la kwanza liikute imekwisha kulala tayari. Ukipatia, mahindi yako yanatangulia ya wenzako. Ukikosea, mvua ya siku chache inaiotesha kisha inaiacha, na mbegu uliyoitoa huirudishi.

Pale ndipo nilipotakiwa kusema: mjomba, sijui, modeli yetu ina kasoro, bahari yake haipoi. Maneno yenyewe si mengi. Lakini alikuwa amesimama mbele yangu, mtu aliyenisomesha, na mtu kama huyo akikuuliza jambo alilokusomeshea, unamjibu "labda"? Niliona "labda" ni utovu wa adabu. Niliona ni kumwambia kwamba ada yake ilipotea bure. Nikasema, "Panda, mjomba."

Ijumaa ile baada ya swala aliwaambia watu uwanjani: mpwa wangu kasema tupande. Na Misima ikapanda.

Mvua iliwahi kweli. Mama alinipigia simu ofisini kwa furaha, mahindi yameota, mistari imenyooka, watu wanauliza lini nitakuja wanichinjie kuku. Hiyo ilikuwa siku ya nane au ya tisa. Baada ya hapo mbingu zikatakata, zikawa bluu kama sahani mpya. Mimi nikiwa Dar nikitazama picha za mawingu, niliyaona yamesimama juu ya maji kwa siku kadhaa, yakiwanyeshea samaki, kisha hata hayo yakatawanyika. Hewa iliyopanda kule baharini ilishuka kwetu bara ikiwa kavu. Mahindi ya Misima yalinyauka yakiwa na majani manne.

Bi Mwajuma, mjane aliyepakana na mama yangu, alikuwa ameteremsha hata yale mahindi ya mbegu aliyoyatundika juu ya meko, yale ambayo mtu hayagusi. Aliyagusa kwa sababu mimi nimesema. Mama yangu naye alifanya hivyo hivyo. Mwaka ule watu walikula mihogo asubuhi, mchana na jioni, na mvua iliporudi baadaye, wengi hawakuwa na cha kupanda.

Hakuna aliyenipigia simu kunitukana. Afadhali wangenitukana. Sikwenda Misima Idi ile, wala Idi iliyofuata. Nilijisingizia kazi. Nikipata likizo nilikuja hapa Masuguru kwa dada yangu, nikawa nakaa ndani kama mtu mwenye surua, nikiogopa kukutana sokoni na mtu wa kwetu.

Ndipo siku moja mchana nikasikia hodi, nikatoka, nikamkuta Mjomba Mhando mlangoni na kiroba mkononi.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Usiogope, sikuja kukulaumu. Nimekulaumu njia nzima tangu Misima. Tulipofika Sindeni nikachoka."

Akakaa, akanywa maji, akafungua kiroba, akatoa kamba ndefu ya mkonge. Akaitandaza sakafuni. Ilikuwa imefungwa vijiti vya ufagio wa chelewa, kila kimoja na urefu wake, kisha yanafuata mafundo, mafundo, mafundo, mpaka ukutani.

"Hii ndiyo mvua yako," akasema. "Kijiti ni siku ya mvua, nimekivunja pale maji yalipofikia. Fundo ni siku kavu. Na mafundo yote haya nimeyaona. Nilichungulia lile kopo kila asubuhi, jua linawaka, watu wananicheka. Si ulisema sifuri lazima lionwe?"

Nililia pale sakafuni, mtu mzima mwenye shahada zangu. Akaniacha nilie mpaka nikamaliza.

"Kwa nini umefanya hivi, mjomba?"

"Ulikuwa na bahari nzima kwenye kompyuta yako. Misima hukuwa nayo. Nimekuletea." Akanikunjia kamba, akanipa. "Nenda kaangalie ulipotelea wapi. Mimi nilipotelea shambani, siwezi kujua."

Niliipeleka ofisini nikiwa nimeificha chini ya khanga, kwa aibu. Bi Tunu alipoiona aliuliza kama nimeanza kufuga mbuzi. Nilipomweleza, alivua miwani, akaondoa makaratasi yote juu ya meza ndefu. Tukaitandaza. Tukapima kila kijiti kwa rula, tukaweka pembeni yake mchoro wa modeli, siku kwa siku.

Siku tisa za mwanzo, kamba na modeli vilikwenda pamoja. Kuanzia ya kumi, modeli inaendelea kumwaga mvua na kamba ina mafundo matupu. Kisha tukatoa vipimo vya joto la bahari vilivyochukuliwa kutoka angani, tukaviweka nao. Siku chache kabla ya yale mafundo kuanza, bahari ya kweli ilikuwa imekwisha kupoa. Mawingu yake yenyewe yaliipoza. Ya kwetu ilikuwa bado inachemka.

Bi Tunu alikwenda ubaoni, akafuta yale maneno yake kwa kiganja. "Haya," akasema, "tuiyeyushe."

Kuiunganisha bahari na hewa kulituchukua muda mrefu kuliko tulivyoahidi, na msimdanganye mtu yeyote kwamba itakuwa kazi ya miezi miwili. Kila saa moja ya modeli, hewa ilitakiwa kuipa bahari habari zake, jua ni kiasi gani, upepo kiasi gani, mvua kiasi gani. Bahari nayo inajibu: basi joto langu sasa ni hili. Ukisikia hivyo ni rahisi. Jaribio letu la kwanza, siku ya ishirini bahari ilikuwa na joto la kusongea ugali. Tulitafuta kosa juma zima. Kumbe waliotengeneza upande wa hewa walihesabu joto linalopanda kuwa ni la kujumlisha, na wa upande wa bahari walihesabu linaloshuka. Kila joto lililotoka baharini sisi tulilirudisha mle mle. Tangu hapo, kabla ya kuunganisha chochote, huwa nachora mshale kwenye karatasi: joto linaelekea juu au chini? Rehema ana kompyuta inayofanya kwa dakika kumi kazi iliyotuchukua siku nne, na bado namwambia achore mshale. Ananicheka, lakini anachora.

Namshukuru Bi Tunu kwa hilo juma la kutafuta. Hakuuliza hata mara moja ni nani aliyeandika mstari ule. Niliuandika mimi, na nadhani alijua.

Jambo jingine alilotufundisha ni kuiendesha modeli mara kumi badala ya mara moja. Bahari ya leo hatuipimi sawasawa, huku tumezidisha kidogo, kule tumepunguza. Kwa hiyo unaanza mara kumi, kila mara kwa tofauti ndogo, uone safari hizo kumi zinaishia wapi. Zikiishia pamoja, unasema kwa sauti. Zikitawanyika, unasema kwamba zimetawanyika.

Baada ya miaka kadhaa homa ikairudia bahari, kabla ya masika vile vile. Safari hii bahari yetu ilipanda joto na ikajua kupoa. Katika safari kumi, saba zilisema mvua itaanza vizuri kisha itakatika majuma mawili au zaidi. Tatu zilisema haitakatika. Utabiri wa ofisi ukatoka, watu wakausikia redioni, na mimi nikapanda basi kwenda Misima kuufafanua. Njia nzima niliyarudia maneno yangu kama mwanafunzi wa mtihani.

Tulikaa ofisi ya kijiji, watu kwenye mabenchi, mjomba mbele na bakora yake. Sijafungua mdomo, Bi Mwajuma akasimama.

"Mama, karibu. Mimi nina neno moja tu. Safari ile ulisema panda. Leo unasemaje?"

"Safari ile nilikosea," nikamjibu. "Nilikuwa najua kwamba kitu chetu kina kasoro, na sikusema. Niliona haya kumwambia mjomba kwamba sijui. Mbegu zako za juu ya meko ziko shingoni mwangu, na naomba unisamehe, na nyote mnisamehe."

Mtu akakohoa. Bi Mwajuma akakaa polepole. "Haya," akasema. "Sema."

Nikaomba punje kumi za mahindi. Nikazipanga juu ya meza mbele yao, saba huku, tatu huku. "Hizi saba zinasema mvua itawadanganya. Hizi tatu zinasema haitawadanganya. Ipi itatokea mimi sijui. Nimezihesabu tu."

"Sasa tufanye nini?" akauliza mtu wa nyuma.

"Kilimo mnanizidi. Lakini lingekuwa shamba langu, ningepanda robo, na mbegu nyingine zibaki juu ya meko kwanza."

Walijadiliana mpaka adhuhuri, kwa Kiswahili na Kizigua, wakikatana maneno. Wengi wakakubali robo. Tulipokuwa tunatoka nilimwona mjomba akiziokota zile punje tatu mezani na kuzitia mfukoni. Nilidhani ni uzee.

Mvua ikaanza. Siku ya kumi ilinyesha. Ya kumi na tano ikanyesha. Ya ishirini, Misima ilikuwa kijani kibichi na mimi nilikuwa ofisini natazama mawingu yakiingia bara kwa furaha zao. Niwaambie jambo ambalo sijapata kulisema: kuna asubuhi mbili au tatu nilitamani jua liwake. Nilitamani mvua ikatike, ili niwe nimesema kweli. Mungu anisamehe. Nyinyi mtakaofanya kazi hii mtaijua siku hiyo, na ikiwafika mwondoke kwenye kompyuta, mkatembee, mpaka tamaa yenyewe iwatoke.

Watu walipoona mvua haikatiki walipanda zilizobaki, kwa kuchelewa. Walivuna. Lakini kama wangepanda zote mwanzoni wangevuna zaidi, na kila mmoja alilijua hilo. Nikarudi kwenye zile hesabu zangu za kuikwepa Misima.

Mavuno yalipokwisha nilikuwa hapa hapa Masuguru, nikasikia hodi. Nilitegemea mjomba. Alikuwa Bi Mwajuma, na kiroba mkononi.

"Mjomba wako anakusalimu sana," akasema. "Miguu imemkatalia safari. Kanituma mimi."

Akanitolea kamba. Vijiti, vijiti, vijiti, mafundo ya kuhesabu. Nikaipitisha mikononi nikijua inakoelekea, roho ikiwa nzito, mpaka nikafika mwisho, nikakuta kifurushi cha kitambaa cha khanga kimefungwa kwa uzi. Nikakifungua. Zilikuwa punje tatu za mahindi.

"Kasema nikwambie ni hizi," Bi Mwajuma akasema. "Ulituonyesha zipo. Alikaa nazo mfukoni masika nzima, kila mvua ikinyesha anazitoa anatuonyesha: hizi hapa, alisema zipo."

Nikazifumba zile punje kiganjani. Yeye akaangalia chumba, akaangalia uani, akavuta kiti akakaa.

"Na vuli hii je?" akauliza. "Zitakuwa ngapi?"

"Bado sijui, Bi Mwajuma."

"Vizuri," akasema. "Basi nipe chai, nisubiri."